Naks Iko na Rangi, Iko na Mahewa: Tuziweke Ukuta Moja

Flamingo wa Naks amechorwa mahali mingi kuliko mahali analia. Yuko kwa kuta za tao, yuko kwa mlango wa hoteli, yuko kwa tisheti za watalii na kwa stika nyuma ya mathree. Pinki ndio rangi yenye dunia nzima inatujulia nayo. Lakini shika watoi wa Kaptembwa ama Free Area uwaambie waige venye flamingo hulia, uone kama watakubaliana. Wengi wamekua na picha yake tu. Ile kelele ya kundi zima likiwa majini, yenye inakaribia sana ya bata bukini, hawajai iskia.

Na kuna sababu. Maji ya Ziwa Nakuru ilianza kupanda kama 2010 hivi. Ikapanda mpaka ikaingia lango kuu la zamani la mbuga, ikala barabara na miti, ikafika kwa mashamba na makeja za watu huko Mwariki na Baruti. Ziwa likijaa maji tamu, magadi inapungua nguvu. Ile mwani ya kijani yenye flamingo mdogo humanga inataka maji ya magadi kali, kwa hivyo nayo ikapungua, na ndege wakafuata msosi huko Bogoria, Elementaita na mbali zaidi. Huwa wanarudi kwa vipindi, idadi inapanda na kushuka, lakini yale makundi makubwa yenye wazee wetu walizoea hayako hapa kila siku.

Sasa cheki hiyo maneno vizuri. Ukuta wa tao unasema flamingo. Maskio yako inasema kitu ingine. Msee wa rangi akichora hiyo ndege peke yake, anatupea postikadi. Akiwa na msee wa sauti kando yake, ukuta unaweza kutuambia ukweli wote: ndege alikuwa hapa, sauti yake ilihama, na hii ndio ilifanya ahame. Hapo ndipo mimi nasimama. Picha na sauti zikikaa pamoja zinaulizana maswali, na moja haiwezi kudanganya kama ingine iko hapo. Naks iko na wachoraji moto na maprodyuza moto, na kazi kubwa ya sanaa ya hii jiji itatoka siku tutawafungia keja moja waanze kuumba pamoja kutoka mwanzo.

Jina tunalo, sasa tulijaze

Novemba 2021 UNESCO iliingiza Nakuru kwa mtandao wake wa Miji Bunifu, kitengo cha ufundi na sanaa za jadi. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Desemba 2021, tukapewa hati ya kuwa jiji, la nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 ilikuwa ishahesabu watu 570,674 kwa huu mji, na ukipita Kenyatta Avenue jioni unajua kabisa wengi wao ni mayut.

Wengi wakiskia ufundi wanaona vikapu, shanga na vinyago. Hizo ni zetu na tunaziheshimu. Lakini msee wa jua kali mwenye anakata mbao na kujenga boksi ya spika kwa mkono, anapima kina cha boksi ndio besi isitoke imekwama, huyo ni fundi pia. Msee wa sprei mwenye anaweza kuchora uso wa mtu kwa mlango wa gari bila kurudia mstari, huyo ni fundi. Mtandao wa UNESCO ulitukubali juu ya mikono kama hizo. Ni sisi tunafaa kuzipea kazi.

Shida iko kwa mpangilio. Tamasha nyingi za mtaa zinajengwa hivi: steji upande huu, spika zimeangalia watu, MC anapiga kelele, upande ule kuna hema, picha zimepangwa kwa stendi, watu wanapita wakiangalia saa. Mahewa inafunika maongezi ya kwa hema, na hema haijui kwa steji kunachezwa nini. Hao wasanii wawili wamekuja tamasha moja na wakaenda nyumbani bila kupeana jina. Huo ni utajiri tunaacha uende na maji.

Shule yetu ni mathree

Kama unatafuta mahali sauti na picha zimeoana kitambo hapa Kenya, usiende mbali. Simama steji.

1973 ni mwaka wa kushika. Huo ndio mwaka Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe watu bila ile leseni ya usafiri, na biashara ikafunguka. Mwaka huo huo, tarehe 11 Agosti, kwa jengo nambari 1520 Sedgwick Avenue, Bronx, DJ Kool Herc alichezesha sherehe yenye watu huhesabu kama mwanzo wa hip hop. Utamaduni huo ulikua na udijei, kurap, kubreki na grafiti chini ya paa moja. Hizo safari mbili zilikuja kukutana kwa bodi ya mathree ya Kenya: grafiti nje, rap na reggae ndani, kange kwa mlango akiwa MC.

Cheki venye nganya hujengwa. Mwenye gari anaanza na wazo moja. Hilo wazo ndilo linaamua jina, sura za kuchorwa, rangi, taa, aina ya ngoma, mpaka doba za kange. Bodi inasuguliwa na msasa, inapigwa praima, tepu inabandikwa kwa kila kona, stensili inakatwa, kompresa inawashwa. Fundi wa rangi anafanya sura kwa tabaka, giza kwanza, mwanga mwisho. Akimaliza anafunika na vanishi. Halafu fundi wa stima anaingia: taa za chini, skrini, ampu, wufa chini ya siti ya nyuma ndio besi ipande kwa mgongo wa abiria. Nganya ya reggae inavaa nyekundu, dhahabu na kijani, na ukifungua mlango unapata ngoma zenye rangi ilikuahidi. Hakuna mtu anachora Bob Marley nje halafu anacheza injili ndani wiki nzima. Watu wangeona kitu haiko sawa.

Kwa Naks mathree nyingi ni za siti 14, kwa hivyo fundi anacheza na nafasi ndogo. Hiyo imetufunza nidhamu. Kila inchi inafanya wera.

Na hii sanaa imepigwa na serikali ikasimama. Tarehe 1 Februari 2004 zile kanuni za Waziri John Michuki zilianza kushika: mikanda kwa kila siti, kidhibiti cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano kuzunguka gari. Kwa usalama wa watu zilikuwa na maana. Kwa wachoraji zilikuwa msiba, juu magari mengi yalirudi rangi moja. Walikaa chini miaka kadhaa, kisha grafiti ikarudi taratibu na nguvu mpya. Msanii wa mathree anajua kitu wengi wa galari hawajui: abiria ndiye jaji. Kama picha na mahewa hazijaiva, anaiacha hiyo gari ipite anangoja ya nyuma.

Tamasha ya Naks ikitaka mwalimu, imwite huyo fundi. Impe ukuta, impe prodyuza, iwaambie waanze na wazo moja kama venye nganya huanza.

Wenye wametangulia

Kuna Wakenya wamefungua njia upande wa sauti, na inafaa tuwajue. Joseph Kamaru, mwenye anajiita KMRU, ni mjukuu wa yule Joseph Kamaru, gwiji wa muziki wa Kikuyu aliyefariki 2018. Mjukuu anatembea na rekoda. Anachukua sauti za mtaa, upepo, umeme, mlango, anazinyoosha mpaka unahisi umeingia mahali. Albamu yake Peel ilitoka 2020. Mwaka wa 2022 akatoa Temporary Stored, yenye aliijenga kutoka kwa rekodi za zamani za Afrika zilizohifadhiwa kwa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Babu alirekodi nyimbo za watu wake. Mjukuu anauliza sauti za watu wetu zinafanya nini kwa kabati za ng'ambo.

Nyokabi Kariũki, mtunzi wa muziki, 2022 alitoa peace places: kenyan memories, kazi yenye inatumia sauti za mahali alipenda akiwa nyumbani Kenya. Ukiiskiza unaona mahali bila picha hata moja. Upande wa macho kuna Cyrus Kabiru wa Nairobi, anayejulikana kwa zile miwani zake za vyuma na taka, C-Stunners, na ambaye pia ameunda redio za sanamu kutoka kwa vipande vya redio kuukuu na vitu vya kuokota. Weka hao watatu kwa akili pamoja na utaona shimo lenye Naks inaweza kujaza: kazi yenye mchoro na sauti zimezaliwa siku moja, mahali pamoja, na zinamhusu mtu wa hapa.

Chumvi, nailoni na wufa

Wacha niwachanue kitu mnaweza kufanya kejani wikendi hii, bila kungoja ufadhili.

Laza wufa chini ikiangalia juu. Tafuta ndoo kuukuu ya plastiki, ukate chini yake ibaki wazi pande mbili, uisimamishe juu ya wufa. Kwa mdomo wa juu tandaza nailoni nyeusi, ivute ikaze kabisa mpaka ukiigonga na kidole inalia, halafu uifunge na blada ya baiskeli. Mwaga chumvi kiasi, isambae nyembamba. Sasa weka kwa simu programu ya kutoa toni moja moja, uiunganishe na wufa, uanze chini kama Hertz 50 ukipanda polepole.

Mwanzo chumvi inatetemeka tu. Ukifika toni fulani, yenye inategemea ukubwa wa ndoo yako, inashtuka na kujipanga: duara, halafu duara ndani ya duara. Panda zaidi na mistari inaanza kukatana mpaka unapata nyota na maua. Ukizima toni inabaki hapo imelala, mchoro kamili wenye hakuna mkono ulichora. Ukiongeza sauti sana chumvi yote inaruka nje, kwa hivyo enda pole na hiyo volyumu.

Sababu ni rahisi. Nailoni haitetemeki sawa kila mahali. Kuna sehemu zinaruka sana na kuna sehemu zimetulia. Chumvi inatoroka zile zinaruka, inakusanyika kwa zile zimetulia, na hizo zilizotulia ndizo zinaonyesha umbo la sauti. Mjerumani Ernst Chladni alichapisha kitabu cha haya mambo 1787, akitumia mchanga juu ya sahani ya chuma na upinde wa fidla. Mwaka wa 1809 akamwonyesha Napoleon huko Paris. Sisi tuko na wufa ya mathree, tumemzidi kwa vifaa.

Hapa ndipo mchoraji anaingia. Toa ile toni ya simu, weka maiki, mwite kange wa Section 58 aimbe jina la ruti yake kwa noti moja, avute irabu ya mwisho kwa pumzi yote. Kila noti yenye anashika inaleta umbo lake, na akibadilisha noti umbo linavunjika na kujengwa upya. Simu ingine iko juu inarekodi: chumvi nyeupe, nailoni nyeusi, picha safi. Nait ikifika, hiyo video inarushwa na projekta kwa ukuta mkubwa, mchoraji anafuata mistari na chaki, na mangware anaanza kupiga rangi. Mwisho wa siku ukuta umevaa sauti ya yule msee. Mtu wa mtaa akiuliza hii ni nini, anaambiwa: hiyo ni sauti ya kange wako.

Hiyo ni sanaa yenye haingeweza kutoka kwa mchoraji pekee, wala kwa dijei pekee. Na mwenye sauti yuko ndani ya kazi, hakuja kuangalia tu.

Mahali pa kuvuna sauti

Bonde la Ufa liko na sauti zake, na nyingi tunazipita tukiwa na visikilizi kwa maskio.

Panda Hyrax Hill, hapo tu kwa barabara ya kuenda Nairobi. Mary Leakey alichimba hiyo sehemu 1937, na kwa mawe yake kuna mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa zamani. Fikiria hiyo kitu: mchoro kwenye mwamba wenye ulikuwa unatoa sauti kila mtu akidondosha kete. Mtu aliyechonga alitengeneza picha na ala ya kulia kwa pigo moja. Enda na ruhusa ya walinzi, usicheze kwa yale mashimo ya kale. Beba bao lako la mbao, cheza kando, rekodi mlio wa kete kwenye huo upepo wa kilimani.

Halafu angalia Menengai. Hilo shimo la volkeno lina upana wa kama kilomita 12 kwa 8, na chini yake kuna mvuke wenye tumeanza kuugeuza stima. Kituo cha Sosian cha megawati 35 kilianza kazi 2023. Mvuke ukitoka kwa kisima unaona nguzo nyeupe inapanda na unaskia ngurumo yenye inafika kifuani. Huko kwa visima ni eneo la kazi, mtu haingii bila kibali, lakini hata ukiwa kwa ukingo wa juu, ukinyamaza, upepo wa pale ni somo tosha. Ukitaka mvuke wa karibu wenye watu hutembelea, Hell's Gate huko Naivasha iko jirani na Olkaria, mahali Kenya ilianza kutoa stima ya mvuke 1981.

Rudi tao. Reli ilifika hapa 1900, mji ukapata hadhi ya township 1904, na huo mlio wa chuma kwa chuma ndio sauti mzee kushinda jengo lolote la Kenyatta Avenue. Kuna adhana za Bondeni, kengele za kanisa, nyundo za jua kali, mamathe wa Top Market wakitaja bei, na kange watano wakigombania abiria mmoja kwa toni tano tofauti. Hizo zote ni rangi za kuchanganya.

Kurekodi na simu kunahitaji adabu kidogo. Zima mtandao ndio meseji isiingilie. Vaa simu soksi safi kwa maiki, upepo usikulie faili. Chagua mpangilio wa sauti ya ubora wa juu kama simu yako iko nao. Ukishaanza, ganda hapo dakika tano bila kubonga wala kusogeza vidole, juu sauti nzuri huja ukishaacha kuitafuta. Taja mwanzoni uko wapi, tarehe na saa. Na kama unarekodi mtu, muombe kwanza. Mamathe wa soko akikuambia hapana, ni hapana, sema asante na ununue nyanya.

Siku ya shoo

Nyayo Gardens iko katikati ya tao, kila mtu anaijua, na nauli ya kufika hapo haivunji mtu. Kwa kazi ya ndani kuna Nakuru Players Theatre. Kama ni nje, kumbuka sisi tuko karibu na ikweta: giza linaingia kabla ya saa moja na nusu ya jioni mwaka mzima, kwa hivyo projekta haina maana kabla giza halijaingia. Tuko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Naks haibembelezi, kwa hivyo waambieni watu wabebe jaketi. Aprili na Mei mvua ni ya kweli. Panga tarehe mbali na hapo ama tafuta turubai ya maana.

Kuna kitu ya sauti wengi wanakosea. Mwanga unafika hapo hapo, lakini sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Msee akisimama mita 68 kutoka kwa spika, besi inamfikia sekunde 0.2 baada ya picha kubadilika, na jicho lake linajua kitu haijapatana. Spika ziwe kando ya ukuta wa picha, na hadhira isogee karibu. Ni afadhali uwanja mdogo wenye umeshikana kuliko uwanja mkubwa wenye picha na besi zimeachana njiani.

Kelele nayo iko na sheria. Kuna kanuni za NEMA za 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo, na viwango vyake ni vikali zaidi usiku na karibu na makazi. Chukua leseni mapema, ongea na majirani, na kanjo wakija wakupate na karatasi mkononi. Mzee mwenye anaishi karibu na pale akilala vizuri, mwaka ujao atakuwa upande wako.

Na sasa kitu yenye naipenda zaidi kwa hii sanaa. Mtu kiziwi akija kwa konsati ya kawaida, anaona watu wanaruka tu. Kwa kazi ya sauti na picha, mpe baluni aishike na mikono miwili karibu na wufa: besi inaingia kwa viganja, na chumvi kwa skrini inamwonyesha umbo la kile anachohisi. Mtu kipofu akija kwa maonyesho ya kawaida, anangoja rafiki amwelezee. Hapa anaskia kete za Hyrax Hill, anaskia reli, anaskia mvuke, na mahali kila spika iko inamwambia ukuta umepangwaje. Watu wenye tumezoea kuwaacha mlangoni wanaingia mpaka katikati. Tamasha ya jiji inafaa kuwa ya jiji lote.

Doh na jina

Hapa nabonga na wasanii wenyewe, juu urafiki mwingi umekufa hapa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda mchoro, inalinda muziki, inalinda rekodi ya sauti, inalinda pia kazi ya picha na sauti zikiwa pamoja. Kwa mchoro na muziki, ulinzi unakaa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mkiwa wawili mmeumba kitu kimoja chenye hakiwezi kutenganishwa, hiyo miaka 50 inaanza kuhesabiwa mwenye amebaki mwisho akienda. Maana yake kazi ya wikendi moja inaweza kuwasomeshea watoi wa watoi wenu. Andikeni karatasi kabla rangi haijafunguliwa: nani alifanya nini, doh inagawanywa vipi, nani anaruhusu video itumike kwa tangazo, na ukuta ukipakwa upya mtafanya nini. Ukurasa mmoja, saini za wote, kila mtu abaki na nakala. Yule kange mwenye sauti yake iko kwa ukuta naye aandikwe na alipwe. Sauti yake ni mchango, na bila yeye hakuna umbo.

Kwa waandaaji nina ombi moja na naliomba nikimaanisha. Mkipanga bajeti ya tamasha ijayo, msiandike mstari wa burudani na mstari mwingine wa maonyesho. Andikeni mstari mmoja wa kazi ya pamoja. Chagueni mbogi ndogo: mchoraji, mtu wa sauti, na mtu wa mtaa mwenye hadithi ni yake. Wapeni ukuta, wapeni miezi mitatu, na muwalipe nusu ya doh siku ya kwanza ndio mchoraji asiache ukuta akimbilie kazi ya kuandika bango la duka. Wakimaliza, ukuta ubaki na jina zao zote tatu kwa herufi zenye mtu anaweza kusoma akiwa kwa mathree inapita.

Na kwa mayut wa Kapte, Rhonda, Bondeni, Lanet, Gilgil na Naivasha: msingoje hiyo bajeti. Mwenye ana wufa amtafute mwenye ana rangi. Rekodini steji yenu, mwage chumvi, mchore kile mmeona, mtafute mwenye ukuta mwenye roho safi awape ruhusa. Tamasha zikija zitawapata mkiwa na kazi tayari, na mtu mwenye ana kazi tayari ndiye huwa anaitwa kwa meza ya kupanga.